Mama Lusubilo Anashuka kwenye Tandiko la Upande

Leo ni Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025. Bi. Tusekile Kibona, ambaye sisi sote tunamwita Mama Lusubilo, amelitumikia Shamba la Kahawa la Mawe Mawili kwa miaka thelathini na minne kasoro siku chache. Jumatatu tarehe 30 anastaafu rasmi. Mimi ninayeandika naitwa Mabula Bugalama, kibarua wa mbolea na magunia, na ni miaka saba na miezi mitatu tangu niondoke nyumbani Maswa. Nataja miaka yangu ili msomaji ajue nimemfahamu kwa muda gani, asidhani kila ninachosimulia ni cha kuambiwa.

Kazi hii nilipewa kwa sababu karani anayeandaa jarida letu yuko likizo ya uzazi, na mimi ndiye ninayeandika mihtasari ya chama chetu cha kuzikana. Hivyo ndivyo ofisi ilivyosema. Nilishuku. Mtu aliyeishia kidato cha pili hapewi kalamu na ofisi hivi hivi. Nikadhani wanataka maneno machache, matamu, yasiyo na kichwa wala miguu. Basi nimejitahidi yawe matamu pale yanapostahili.

Bi. Tusekile alizaliwa Ibaba, wilaya ya Ileje, mwaka 1965. Alikuja Iyula kwa shangazi yake kuchuma kahawa, na tarehe 1 Julai 1991 akaajiriwa hapa kama mtunza farasi. Wakati huo shamba lilikuwa na farasi sita. Leo wamebaki wawili, mmoja wa wageni, na mwingine ni Waziri, farasi wa kazi, ambaye tabia zake zinajulikana mpaka kwa wauza vitunguu wa sokoni.

Wageni hushangaa kukuta farasi Mbozi. Sababu ni ya kazi. Masika ikikolea, pikipiki inazama kwenye tope katikati ya mistari na kuvunja matawi machanga. Anayetembea kwa miguu huona majani ya chini tu. Aliye juu ya farasi anaona vilele vya mibuni, na ugonjwa mwingi huanzia huko. Kwa hiyo shamba limekuwa na mwanamke mmoja, kila wakati mmoja, ambaye kazi yake ni kuzunguka vitalu vyote akiwa amekaa upande juu ya farasi na kurudi na habari.

Tandiko lenyewe si kama la wanaume. Lina pembe mbili kushoto, moja inatazama juu, nyingine inatazama chini. Mguu wa kulia unazunguka pembe ya juu. Mguu wa kushoto unajikaza chini ya ile ya pili, na unyayo unaingia kwenye kikuku kimoja tu. Upande wa kulia hakuna mguu kabisa, kazi yake inafanywa na fimbo. Mara ya kwanza kumwona nilisimamisha toroli la mbolea nikasema moyoni kwamba huyu mama ama amelewa ama anaficha kitu. Kwetu nimeona watu wakipanda punda, nimeona wakipanda hata ng'ombe, lakini sikuwahi kuona mtu amekaa kama yuko kwenye benchi la kanisa huku mnyama anakwenda mbio.

Inasemekana mke wa mwenye shamba wa zamani, mama wa Kizungu aliyeugua mgongo, ndiye aliyemfundisha Mama Roda, mwanamke wa kwanza wa hapa kupanda. Wazee wa kanisa walikataa mke wa mtu apanue miguu juu ya mnyama mbele ya wachumaji, na suruali hawakutaka hata kuisikia. Kukaa upande kukapita. Hadithi hii nimeisikia mara tatu, na kila mara miaka yake ni mingine, kwa hiyo siiapii. Ninachojua ni kwamba Mama Roda alipochoka alimkalisha Mama Lusubilo, na kukalishwa ni jambo kubwa hapa. Anayeacha kazi humshika mwenzake mkono wa kushoto, humpandisha kwenye gogo, humkalisha juu ya tandiko, kisha humfunga kitenge cha mapaja kwa mikono yake mwenyewe mbele ya wafanyakazi wote. Asiyekalishwa hivyo, hata akijua kupanda vipi, wanawake wa shamba hawamhesabu.

Wanawake wengi wa Iyula na Tunduma hukaa upande kwenye bodaboda, na wapo waliomwambia Mama Lusubilo kwamba kazi yake haina ujuzi wowote. Aliwajibu, "Kwenye bodaboda unakaa upande kama kiroba. Huku dereva ni wewe, kwa hiyo nyoosha mgongo."

Sifa zake ni nyingi. Mwaka 2009, kwa mujibu wa kumbukumbu za shamba, aliona madoa meusi ya chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa, kwenye vilele vya kitalu cha tisa kabla mtu mwingine hajaona, na dawa ikapigwa mapema. Mwaka 2019 mchumaji mmoja alishikwa na uchungu mbali na barabara. Mama Lusubilo alishuka, akamkalisha yule dada juu ya tandiko, akaongoza farasi kwa miguu hadi zahanati. Kilomita sita. Mtoto wa kiume alizaliwa salama, na bibi yake akataka aitwe Waziri. Baba wa mtoto alipinga wiki nzima, akashindwa.

Mabinti wa wafanyakazi wakiolewa huenda kanisani wakiwa wamekaa upande juu ya Waziri, Mama Lusubilo ameshika hatamu. Amewafikisha mabibi harusi sitini na wawili. Mmoja wao alifika bila maua kwa sababu Waziri aliyamaliza njiani, na mama mkwe akasema kwa sauti, "Huyu farasi amekula mahari tunamwona!" Mfanyabiashara mmoja kutoka Nakonde, aliyekuja kutafuta mahindi, alimzunguka Waziri mara mbili akauliza, "Bamayo, ni shinga?" yaani mama, ni bei gani. Mama Lusubilo alimjibu kutoka juu, "Muulize mwenyewe. Akikubali kuvuka Tunduma bila kitambulisho, mchukue."

Kwangu mimi alikuwa na neno moja la Kisukuma, "Mwangaluka", ambalo ni salamu ya asubuhi. Alinisalimia hivyo asubuhi, mchana na jioni. Kuna wakati nilifurahi. Kuna wakati nilianza kujiuliza anataka nini kwangu.

Hapo ndipo nafika kwenye sehemu ambayo ofisi haikuniagiza.

Julai 2021 buni zilianza kupungua kwenye vichanja vya kuanikia. Mpaka uko karibu, na buni ikishavuka haina jina. Kila mtu alimtazama mwenzake. Justine, mlinzi mkuu, aliniita nyuma ya stoo.

"Mabula, wewe huna shemeji hapa, huna shangazi. Ndiyo maana nakuamini."

"Kuna nini, mkuu?"

"Huyo mama. Kitenge kipana namna ile, tandiko lina mito minene namna ile. Umeshajiuliza mle ndani mna nini? Wewe angalia tu, uniambie."

Tangu siku hiyo kila alichokifanya Mama Lusubilo kilikuwa ushahidi. Akirudi na mfuko wa ngozi umejaa, nilijua ni buni. Kumbe ni majani yenye ugonjwa, alikuwa anayapeleka kwa bwana shamba. Akisimama kuongea na mtu penye uzio, nilihesabu dakika. Akinisalimia, nilisema ananilainisha.

Siku moja saa sita mchana, wanawake wakiwa kwenye chakula, niliingia chumba cha matandiko. Nikachukua kisu nikafungua mshono wa mto wa kushoto, chini ya tandiko. Ndani hamkuwa na buni. Mlikuwa na sufu ya kondoo, imeshindiliwa vizuri na mtu aliyejua kazi yake. Nikaitoa yote mpaka chini nione. Nikasikia watu wanarudi. Sufu ile ilishavurugika na nyingine ilishalowa kwenye maji ya kuoshea, haikukubali kurudi. Nilijaza maganda ya mahindi yaliyokuwa kwenye gunia pale pembeni, nikashona kwa shazia na uzi wa katani, nikatoka. Mto ulionekana umejaa. Nilimwambia Justine sikuona kitu. Hakuuliza niliangaliaje.

Kesho yake asubuhi Mama Lusubilo alilikagua tandiko kama kawaida. Nilimwona akiupigapiga mto kwa kiganja, upande huu na upande ule. Maganda mapya yanadanganya mkono. Nusu saa baadaye, penye mtaro wa kitalu cha tano, yalikuwa yamesagika chini ya uzito wake na tandiko likazunguka kushoto. Kwenye tandiko la wanaume ungeanguka tu. Kwenye hili, mguu umeshikwa na pembe. Aliburutwa hatua kama ishirini kabla Waziri hajasimama. Mtulinga wa bega la kulia ulivunjika. Nilikuwa mita mia moja kutoka pale na toroli langu, na nilikuwa wa kwanza kumfikia. Aliniambia, "Mshike farasi kwanza, asiumie." Watu walinisifu kwa kukimbia.

Fundi viatu wa Vwawa alipofungua tandiko kulishona upya, akakuta maganda. Kikao kikaitishwa. Mama Lusubilo, mkono umefungwa shingoni, aliwaambia, "Mimi nimelikalia miaka thelathini. Nilijaze maganda ili iweje?" Mmoja akajibu, "Hicho ndicho tunachotaka utuambie." Barua ya onyo iliwekwa kwenye jalada lake. Inasema alibadilisha mali ya shamba bila ruhusa, na wapo walioongeza kwa midomo kwamba alitoa sufu ili apate mahali pa kufichia. Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa nyuma. Niliogopa kufukuzwa nikiwa mbali na kwetu. Sina sababu nyingine nzuri kuliko hiyo.

Sasa yupo mtu mwingine ambaye lazima nimtaje. Atupele Mwashiuya, mama wa watoto wawili, ni msaidizi wa farasi tangu 2016, na Mama Lusubilo alikuwa anamwandaa. Baada ya ajali mafunzo yalikoma. Mama Lusubilo alianza kulala na tandiko nyumbani kwake. Siku moja nilimsikia Atupele akimuuliza, "Mama, nimekukosea nini?" Akajibiwa, "Hujanikosea. Kampige brashi Waziri." Nilidhani ni mambo ya wanawake. Mwezi Mei, meneja wetu Bwana Andongwisye alipomuuliza atamkalisha nani, alisema hana mtu. Ofisi ikaamua: tandiko liwekwe kwenye kabati la kioo nyumba ya wageni, na inunuliwe pikipiki.

Tarehe 10 mwezi huu nilikwenda kwake kukusanya habari za wasifu huu. Nilimuuliza swali nililopewa na ofisi, ni jambo gani linamsikitisha katika utumishi wake. Alisema ni kuondoka bila kukalisha mtu.

"Si yupo Atupele?" nikamwuliza.

"Atupele ndiye aliyekuwa na ufunguo wa pili wa chumba cha matandiko, Mabula. Miaka minne nikimtazama usoni naona maganda ya mahindi. Sijawahi kumwambia, na sijawahi kuacha."

Kalamu ilinishinda. Nilimwambia yote, kama nilivyoandika hapa. Aliweka kikombe chake cha chai chini.

"Maganda ya mahindi?" akasema. "Msukuma wewe! Hata nyasi kavu zingenifikisha kitalu cha nane."

Hakucheka, wala mimi sikuthubutu. Alijifunga kitenge chake akatoka kwenda kwa Atupele, akaniacha mimi na vikombe. Walichoongea sikijui na sikustahili kukijua. Asubuhi yake nilisikia sauti kutoka uwanja wa farasi: "Bega la kulia nyuma! Unatazama nini chini, umedondosha sindano?" Atupele alikuwa juu ya tandiko, macho mekundu, mgongo umenyooka.

Mama Lusubilo akaenda ofisini kuomba amkalishe Atupele siku ya leo, kwenye sherehe ya kumuaga. Akajibiwa kwamba mwenye barua ya kuharibu tandiko hawezi kupewa heshima ya kulikabidhi. Akatoka bila kunitaja. Nilimfuata nikamuuliza kwa nini. "Mdomo ni wako," akasema. "Mimi nimesema ukweli wangu miaka minne, haujanisaidia."

Kwa hiyo nasema, kwa jina langu kamili: tandiko nilipasua mimi, Mabula Bugalama. Maganda niliweka mimi. Bi. Tusekile Kibona hakufanya kosa hata moja, na Atupele Mwashiuya hakulishika. Justine atasema hakunituma kupasua, na ni kweli, alinituma kuangalia. Aliyeiba buni sijui mpaka leo. Namshuku mtu, lakini leo si siku yake. Naomba barua ile itolewe kwenye jalada. Nimenakili maneno haya mara tatu na kuyagawa kwa watu watatu, kwa sababu ofisi hupenda kufupisha. Ikibidi kufupisha, naomba ifupishwe hotuba ya mlinzi mkuu.

Mpaka hapo ndivyo nilivyosoma leo mchana mbele ya watu. Haya yanayofuata nimeyaongeza baada ya sherehe, kabla jarida halijaenda kuchapwa.

Nilipomaliza hakuna aliyepiga makofi, na nilishukuru. Justine alisimama akasema, "Huyu ametumwa." Mtu wa nyuma akauliza, "Na nani? Na wewe tena?" Watu wakaguna. Bwana Andongwisye aliomba karatasi yangu, akaisoma mwenyewe mara mbili, polepole, kama mtu anayetafuta noti bandia. Kisha akasema jambo hili litakwenda kwenye kamati, na kwamba barua ya onyo ataiangalia wiki ijayo.

Mama Lusubilo akauliza, "Wiki ijayo nitakuwa mfanyakazi wa nani?"

 Meneja akamtuma mtu ofisini kuleta jalada. Tulisubiri kama robo saa, na mimi nilikuwa na hakika itasemekana jalada limepotea. Lilikuja. Bwana Andongwisye alichomoa ile barua, akaandika juu yake "Imefutwa", akatia sahihi na tarehe. Sijui alifanya hivyo kwa haki au kwa aibu ya wageni waliokuwepo. Sahihi ni ile ile.

Ndipo Mama Lusubilo akamshika Atupele mkono wa kushoto. Wanawake walisimama wote, hata wajawazito. Atupele alipanda kwenye gogo akakaa, na Mama Lusubilo akaanza kumfunga kitenge. Mkono wake wa kulia haupandi vizuri tangu ajali ile, kwa hiyo fundo lilimchukua muda. Wapo waliotaka kumsaidia, akawazuia kwa jicho. Alipomaliza akalivuta fundo mara mbili, akaweka kiganja chake chini ya mto wa kushoto, akaukandamiza kwa nguvu zake zote, akanitazama. Kisha akampiga Waziri kofi la shingo, na Atupele akaondoka kuelekea vitalu, vigelegele vikimfuata.

Mama Lusubilo, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Mawe Mawili, asante kwa macho yako yaliyotulindia kahawa, kwa mabibi harusi, kwa mtoto yule wa zahanati, na kwa kunyamaza kwako ambako sikukustahili. Mungu akupe afya Ibaba, viazi vikujae shambani, na bega hilo lipate joto la jua kila asubuhi. Samahani yangu nimekuomba tukiwa peke yetu. Ulisema utaifikiria, nami sikuharakishi.

Kuhusu mimi: kamati imenipangia Jumatatu tarehe 21 Julai. Kesho naanza likizo yangu ya mwaka, naenda Maswa kumwona mama. Najua wapo wanaosema tayari kwamba Msukuma anatoroka. Ningekuwa mimi ni wao, ningesema hivyo hivyo. Nitarudi Jumapili tarehe 20 Julai kwa basi la mchana. Anayenishuku aje anisubiri stendi ya Vwawa.